Ua Jekundu Begani Mwako

Baba Mwende,

Leo nimetoka hospitali na mama Kevo, na mtu wa kwanza niliyetaka kumweleza ni wewe. Nilifungua mlango nikiwa na maneno mdomoni. Halafu nikakumbuka. Mvua za masika zimepita tangu tukuzike na bado nasahau.

Ndiyo, mama Kevo yule wa nyumba inayotazamana na yetu. Yule aliyekataza watoto wake kunywa chai kwetu.

Ilianza Mwende akiwa mchanga bado. Ulipotea Jumamosi nzima, ukarudi umefunga bega kwa kitambaa, nikadhani umepigwa. Kumbe ulikuwa Eastleigh kwa rafiki yako mchoraji, amekuchora tatuu: jina la Mwende kwa wino mweusi, na ua jekundu kando yake. Nilikugombeza, ukacheka. "Mama Mwende, mimi ni mtu wa lori. Huyu mtoto siwezi kumwacha nyumbani kila nikisafiri." Nikakuwekea chakula.

Jina lilipona vizuri. Ua ndilo lililokataa. Lilivimba, likainuka hadi nikipitisha kidole nahisi kila petali, likawasha mpaka ukawa unajikuna ukiwa usingizini na shuka linalowa majimaji. Kila penye nyekundu. Penye nyeusi, ngozi laini kabisa. Daktari wa ngozi alisema ni ile rangi nyekundu, mwili wako unaikataa, na haiambukizi mtu. Akakupa dawa ya kupaka. Ukaomba upimwe damu pia, maana ulishasikia yanayosemwa pale kwenye mfereji wa maji. Damu haikuwa na kitu, wala virusi vya UKIMWI.

Lakini nani angesikia? Siku hizi mtu akitoka upele, watu wa mtaa huu wa Baba Dogo washamzika. Na wewe ulikuwa umekonda kwa zile safari za Mombasa. Kule kwenye kibanda cha chai wakakutengea kikombe chako peke yako. Musyoka, ndugu yako wa tumbo moja, akaacha kukupa mkono. Nilikuomba uvae shati la mikono mirefu ukienda kuchota maji. Ukatoka na vesti. "Acha waone. Ni rangi tu." Ulisema ukitabasamu. Uliporudi ndani uliketi kitandani ukampakata Mwende hadi chakula kikapoa.

Halafu lori likakosa breki kwenye mteremko.

Lori. Kila mtu anajua lilikuwa lori. Na bado kwenye matanga nilimsikia mwanamke akimnong'oneza mwenzake, "Hata hivyo hakuwa na siku nyingi." Nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe. Sijui kwa nini sikuiangusha.

Sijakueleza ya mochari. Tulikwenda kukuvisha, mimi, mama yako na Musyoka. Musyoka alibaki mlangoni, akasema tuvae glavu. Tukazivaa. Mama yako akavua zake, akaziweka chini, akaweka mkono mtupu juu ya lile ua lililovimba. Akasema kwa Kikamba, polepole, "Huyu ni mtoto wangu." Musyoka akaangua kilio. Akaja akakushika miguu, akakuvisha soksi mwenyewe, moja, halafu nyingine. Wewe, uliyengoja sana mkono wa huyo mtu... basi, alikushika.

Jana mama Kevo alibisha hodi. Hakuingia. Kijana wake amechorwa joka mkononi, akalificha kwa sweta mpaka likamshinda. Nyekundu imevimba, kijani imetulia. "Mama Mwende, ni kama ile ya mzee wako. Mtoto wangu anakufa?"

Nilikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nalo tangu siku ya matanga. Lakini alikuwa ameshika fremu ya mlango wetu kwa mikono miwili, baba Mwende, nikasema tu, "Kesho asubuhi tutaenda pamoja."

Daktari alikuwa yule yule. Maneno yale yale. Mama Kevo alikaa kwenye benchi akashika kichwa. Tulipotoka akasema, "Mzee wako alituambia."

Ulimwambia. Uliwaambia wote.

Nilidhani siku hii ikifika nitafurahi. Nilitembea nikiwa nimekauka tu. Si mimi niliyepaswa kuambiwa. Ni wewe, ukiwa umesimama hapo mferejini, ukicheka.

Mwende sasa anaongea. Anauliza baba yuko wapi, na najua iko siku mtu atamjibu kabla yangu, kwa uongo ule ule. Kwa hivyo nakuahidi: sitahama ploti hii tuliyopanga. Nitamwambia mwenyewe kwamba baba yake alikufa akiwa kazini, akirudi kwetu. Nitamwambia mchana, mlango ukiwa wazi, majirani wakisikia.

Pumzika, mume wangu. Mimi nitasema.

Wako,
Ndinda