Milioni Moja na Tatu

Garissa, Alhamisi, 1966. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna. Sihisi kitu.

Jana Dahir, mwalimu mwenzangu, aliwaambia wanafunzi kwamba milioni moja na tatu ni nambari tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hawakuamini. Akaanza kuigawa ubaoni wakiona, kengele ikalia, akaiacha hapo.

Leo askari waliingia shuleni. Lori lilikuwa limeshambuliwa barabara ya Liboi. Wakaukuta ubao umejaa tarakimu, na aliyeziandika ni Msomali. Wakasema ni siri za mashifta, wale waasi wanaopigana na serikali. Wakamchukua.

Niliwafuata kwa miguu hadi kambini kwao. Mimi ni Mkamba wa Kitui, si Msomali.

Nilipewa kiti. Nikaeleza kwamba zile tarakimu ni somo la hesabu.

"Kama ni hesabu tu," afisa akasema, "thibitisha."

Nikagawa kwa saba, ikabaki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne.

"Mbona nne kila mara? Hiyo ni ishara."

Nikamweleza kwamba zote hizo huingia kamili katika nambari yenye tisa sita mfululizo, na yetu imeizidi hiyo kwa nne. Akanisogezea karatasi nyingine. Nikaendelea na kila nambari tasa iliyo chini ya elfu. Kupita hapo hakuna haja, kwa kuwa elfu mara elfu ni milioni. Vidole viliuma, kisha vikafa ganzi. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akipigwa. Nilisikia, nikaandika baki, nikashika nambari iliyofuata.

Adhana ya alasiri ilinikuta kwenye ya mwisho, mia tisa tisini na saba. Afisa aliigawa mwenyewe. Ikabaki kumi na mbili.

"Mchukue," akasema.

Dahir alitoka bila viatu, mdomo umevimba. Tulitembea hadi mlangoni kwake.

"Haikugawanyika?" akauliza.

"Haikugawanyika."

"Alhamdulillahi." Akashika kizingiti. "Mwalimu, mimi shuleni sirudi tena. Wallahi, siwezi kushika chaki."

Nilitaka kumwambia atapona. Mkewe akaja na maji, akaanza kumwosha uso, nami nikaondoka.

Nimekula ugali uliopoa. Nimelala chali nikingoja kulia, na kilio hakiji.

Kesho asubuhi nina madarasa mawili, langu na lake. Watoto wake wataniuliza mwalimu yuko wapi. Nitawajibu nini?