Vidonge Nilivyomgawia Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Vidonge vya asubuhi vimeshuka. Siku ya tatu, bado kumi na moja. Nimezungukia mizinga yangu. Nyuki wametulia kuliko tumbo langu.

Najikumbusha maneno ya daktari wa Mwanza. Limfoma ya tumbo, ile inayokwenda polepole. Bakteria amejichimbia tumboni miaka mingi, na chembe za kinga, seli B, zimekuja kupambana naye. Zimezaliana mpaka zimegeuka uvimbe. Ni kama nyuki walinzi: adui asipotoka mzingani, hawapoi. Bakteria akifa, mara nyingi uvimbe nao hunywea. Saratani ya kutibiwa kwa vidonge vya siku kumi na nne! Bahati nisiyoistahili.

Anayejua ni mke wangu tu, Odilia. Ukweni nimesema vidonda vya tumbo. Sikutaka waanze kumhurumia binti yao kama mjane.

Alhamisi, 6 Machi
Baba mkwe amekuja kutoka Biharamulo. Shikamoo, marahaba, kisha akashika tumbo. Kiungulia, wiki nzima. Akaviona vidonge mezani.

"Mkwe, si ndivyo vya vidonda hivi? Nigawie na mimi."

Hajawahi kuniomba kitu tangu nimwoe Odilia. Huku kwetu baba mkwe akiomba, unatoa, halafu unashukuru kwa kuombwa. Nimemhesabia nusu. Nikaongezea na tabasamu. Mjinga.

Jumatatu, 10 Machi
Vimekwisha. Odilia amekuta kikopo kitupu, akahesabu siku kwa vidole. Nimekiri.

"Ungempa na suruali," kasema. Kisha akalia. Afadhali angeendelea kunisema.

Jumatano, 16 Aprili
Ngara mjini, kipimo cha choo. Bakteria bado yupo.

Nimekaa stendi muda mrefu. Bodaboda watatu wameniuliza naenda wapi. Sikujua. Mwishowe nimempigia daktari, nikamwambia ukweli wote. Akasema dawa zilezile huenda zisimuue tena bakteria, ameshazizoea. Ataniandikia nyingine, kali zaidi. Nazo zikishindwa, tutazungumza habari za mionzi.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumapili, 27 Aprili
Odilia alimpigia baba yake, akamwambia kila kitu. Mzee amefika jana na begi la nguo. Sikuweza kumtazama usoni.

"Yaani nimekula dawa ya saratani ya mtu! Mdomo wako ulikuwa na kazi gani?"

Yeye ameshapimwa kwao, ana dawa zake mwenyewe. Zangu nimeanza leo. Amevuta kigoda, akanikodolea macho nimeze, halafu akaamuru nifungue mdomo, kama mbuzi anayekaguliwa mnadani. Atakaa siku zote kumi na nne, anasema. Siku kumi na nne na baba mkwe! Hiyo nayo ni dawa kali.

Kichefuchefu. Ladha ya msumari mdomoni. Ila sijawahi kupendwa kwa ukali namna hii.

Jumapili, 11 Mei
Nilimaliza jana. Hakijasazwa hata kimoja. Mzee amepanda basi asubuhi, bila kuaga sana. Nyumba imepwaya.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimerudi kutoka Mwanza. Walinipitisha tena mpira wa kamera kooni mpaka tumboni, wakachukua vinyama vya kupima. Bakteria hayupo. Saratani haikuonekana. Daktari ameonya nisijitape: chembe hizo zinaweza kurudi, kwa hiyo nitakuwa naangaliwa kwa miaka. Nitakwenda kila nikiitwa.

Odilia ameisoma karatasi mara mbili, ameikunja, akaendelea kumenya ndizi. Mabega yamemshuka, kama aliyetua mzigo.

Nimempigia baba mkwe. Nimemsomea karatasi yote. Kisha akauliza kama nimekula.

Nimekula, Baba. Sahani nzima. Tumbo halikuuma.