Mabinti wa Gauthier na Mayai ya Nyoka

Mudzipela, Bunia, tarehe 4 mwezi wa tatu 2025

Mujukuu wangu Clémence,

Habari ya Kisangani? Mwili unaendelea? Huku siye tuko, ila magoti yangu yanalalamika kuliko muke wangu Marcelline. Jana niliua nyoka mukubwa kwa mikono mitupu. Sawa, alikuwa mujusi. Na alikimbia. Mimi pia nilikimbia, kila mutu njia yake.

Hapo nikakumbuka masomo yako ya mijusi na nyoka. Baba yako mudogo Gauthier amepata binti wa nne, sasa anataka kumurudisha muke wake Arlette kwao Mahagi, atafute mwenye kuzaa vijana wanaume. Siku ya Pasaka familia itaamua. Uliza walimu: nani anachagua mutoto, baba ao mama? Barua nampa dereva Didier, anakuja huko kwa njia ya Niania na kamio yake ya mizigo.

Babu yako, Lambert

Kisangani, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Babu,

Nashukuru kusikia uko muzima, na mujusi pia. Mimi niko salama.

Ndani ya mwili kuna vifungu vidogo vya urithi, vinaitwa kromosomu. Kwa nyoka wengi, mama ndiye anaamua: ana kifungu kimoja kirefu na kimoja kifupi. Zamani sana vilikuwa sawa kama mapacha. Kimoja kikashika kazi ya kuchagua jike ao dume, na kwa mamilioni ya miaka kikaacha mizigo mingine njiani, kikabaki kifupi. Mijusi walipita njia nyingi: kwa wengine anaamua mama, kwa wengine baba, kwa wengine joto ya udongo penye mayai.

Geuza ukurasa, Babu. Siye si nyoka. Kwetu kile kifupi kiko kwa baba, ni mbegu yake inaamua. Arlette hana kosa. Gauthier naye hapangi, ni bahati tu, usimucheke sana.

Mujukuu wako, Clémence

Mudzipela, tarehe 22 mwezi wa nne 2025

Mujukuu wangu,

Aksanti, na tena aksanti. Uko na afya? Siye tuko wote, na ninasema tena: wote.

Siku ya Pasaka nilisomea familia ukurasa wa kwanza wa barua yako. Gauthier aliposikia mama ndiye anaamua, akajipiga mapaja kwa furaha. Mimi nikakunywa chai, polepole, nimuache anone kidogo. Lakini Arlette akaanza kukunja pagne zake za kitenge ili aende, machozi yanaanguka juu yazo, na Marcelline akanikanyaga muguu. Nikageuza haraka.

Nikamaliza kusoma, nikasema: “Gauthier, kama ni kurudisha mwenye jambo kwao, basi ni weye. Na kwenu ni hapa kwangu. Sina kitanda.”

Arlette alicheka mpaka mutoto akaamuka. Gauthier akamubeba mutoto huyo, mara ya kwanza tangu azaliwe. Akauliza anaitwa nani. Hakuna aliyekuwa amemupa jina. Sasa anaitwa Clémence, na baba yake hataki kumuachilia.

Ila Marcelline hajanisamehe yale machozi ya Arlette, na chai amekatala kunipikia. Weye ulipovunja chungu yake zamani, nani alibeba kosa mahali pako? Ni mimi. Basi muandikie, anirudishie chai yangu.

Babu yako, Lambert