Kipande Amenenepa, Mama Fundi

Mama Fundi,

Kipande amenenepa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniachia, na kwa sababu nikianza na mengine nitalia kabla sijamaliza ukurasa. Asubuhi hii nimempima mbwa wako kifua kwa futi yako, ile iliyofutika namba za mwanzo. Inchi kumi na saba. Siku nilipomleta huku Mwandiga alikuwa na kumi na tatu. Nimeandika kwenye daftari la vipimo, chini ya yule mama wa dera la zambarau ambaye hakurudi kulichukua.

Na mimi nimeolewa. Ulijua nitaolewa, ila hukuiona siku yenyewe. Gauni uliliacha upindo ukiwa umepigwa bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikiza. Niliushona peke yangu, usiku wangu wa mwisho nikiwa msichana wa kwetu, lakini nilipofika nyuma nikaacha kama upana wa kiganja. Pale sikushona. Nilitembea kanisani uzi wako wa bandi ukinigusa kisigino, na watu wakasema bibi harusi analia kwa furaha. Ilikuwa furaha pia, sikatai. Elia ananipenda, Mama Fundi. Nikisikia randa yake huko nyuma anakolainisha mbao, moyo unanidunda kama siku ile alipokuja dukani kurekebisha meza yako, akapima mguu mmoja mara nne ili tu asiondoke. Wewe ukaniambia, "Huyu hapimi meza." Nakuwa na furaha kiasi hicho, halafu naona aibu, kwa sababu wewe uko chini ya udongo wa Ujiji na mimi nimekaa hapa nacheka.

Hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Mwangalie Kipande. Asikonde." Hukusema lingine. Nilidhani kesho yake utasema mengine.

Ndugu zako walikuja kwa boti kutoka Kagunga. Walilia vizuri, sina neno nao. Walichukua cherehani, kitanda na yale masufuria makubwa. Kipande alikuwa amelala kwenye gunia la mabaki ya vitambaa, palepale ulipomkuta akiwa mtoto ukampa jina. Shemeji yako akamwangalia akasema, "Huyu si mbwa, ni mbavu na mkia." Wakachukua gunia, wakamwacha yeye. Alikuwa hajala tangu ulipopelekwa hospitali.

Nilifikiri ni kazi ndogo. Mbwa mdogo vile, anakula nini hata kimshinde mtu? Nikamwekea ugali na dagaa. Akaja, akakaa mbele ya sahani, akanitazama. Hakugusa. Nikafungua mlango wa nyuma kama tulivyozoea, labda anataka kula akiwa nje. Akautazama mlango, akanitazama tena. Sahani ikajaa nzi. Akifikiri simwoni alikuwa analamba maganda njiani, na hayo ndiyo yaliyomweka hai.

Bwana mifugo alikuja akamshika mbavu, akampa dawa ya minyoo. Akaniambia nisimjaze kwa pupa, nimpe kidogo kidogo mara nne kwa siku, dagaa wasio na chumvi. "Mbavu uzipate kwa mkono," alisema, "zisionekane kwa macho." Mimi sikuwa na subira. Nikamkorogea uji wa mawese, mwekundu kabisa, nikamfungua mdomo nikamnywesha. Akahara siku mbili. Nilimfuta kwa kitambaa cha gauni langu kilichobaki, nikamwomba msamaha kama mtu. Ile kola niliyomshonea ya satini ilikuwa inamzunguka shingoni kama bangili ya mtu mwingine.

Majirani walisema mbwa anamfuata mwenyewe. Elia hakusema hivyo, lakini siku moja nilimwona anachagua mbao fupi, akazificha niliposogea. Nilijua ni za nini. Nilikaa nyuma ya nyumba nikafikiri, mtu mmoja ameniachia jambo moja, nami limenishinda.

Sasa ngoja nikuambie lililotokea, ingawa wewe unalijua kuliko mimi.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza dukani. Saa ya chakula uliweka sahani ya Kipande karibu na mlango wa uani, asije akagusa nguo za wateja, hasa kanzu za msikitini. Ukasema neno. Nikasikia "fungua". Nikainuka nikafungua mlango. Kipande akaanza kula, upepo ukaingia, wewe ukacheka kidogo ukasema, "Asante, mwanangu." Kesho yake vilevile. Miaka miwili, Mama Fundi. Hata mvua ikinyesha nilifungua, tukalowa pale mlangoni wote watatu.

Juzi mchana alipita mama mmoja anayeuza mawese kwa chupa, Mrundi kama wewe. Akatua ndoo yake kibarazani apumzike. Akamwona Kipande amekaa mbele ya sahani iliyojaa. Akasema, "Yuuu, wewe unangoja nini? Fungura."

Kipande akainamisha kichwa, akala. Alikula mpaka sahani ikasogea ikagonga ukuta. Mimi nilisimama nikaenda kufungua mlango, Mama Fundi. Miguu ilikwenda yenyewe. Yule mama akaniuliza, "Unakwenda wapi, dada?"

Nikamwambia, "Umesema nifungue." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nimesema fungura. Kwetu mtu unayemheshimu humwambii kula. Kula ni neno kavu. Unamwambia fungura, ndiyo kumkaribisha chakula." Akamtazama Kipande. "Huyu amelelewa na mtu mwenye adabu."

Hiyo juzi ninayosema si juzi, imepita miezi sasa, ila naiona kama juzi. Tangu siku hiyo namwinamia sikioni mara nne kwa siku nalisema taratibu, na kila mara anakula. Kola nimeitobolea tundu jipya la kifungo mara tatu. Mbavu nazipata kwa mkono, sizioni. Anakimbiza kuku wa jirani na nimeshatukanwa kwa ajili yake. Elia amezipigilia zile mbao fupi zikawa rafu ya nyuzi zangu.

Lakini mimi silali vizuri. Wewe ulinifumulisha kola moja ya shati mara sita kwa sababu ya nusu inchi. Hukuniachia kosa lolote lipite, isipokuwa hilo. Kwa nini? Najiuliza nikiwa napika, nikiwa nashona. Halafu nikakumbuka siku ambazo Kipande alikuwa amelala uani, ameshiba, wala hakuwa na sahani. Sahani ilikuwa mbele yangu. Nilikuja kwako mwembamba, Mama Fundi, sketi ya shule nimeifunga kwa pini, na nyumbani siku hizo tulikuwa tunalala na chai tu. Ulinisogezea dagaa ukasema neno lile. Nami nikainuka nikaenda kufungua mlango. Ulingoja mpaka nirudi nikae. Ndipo na wewe ukaanza kula.

Miaka miwili ulikuwa unanikaribisha, mimi nakufungulia mlango. Sikukujibu hata mara moja. Na sasa nimeelewa, na hakuna wa kumjibu.

Sijui kama huko mnasomewa barua. Jumapili nitakuja Ujiji na Kipande, nitaisoma palepale kwa sauti ya chini, maana watu wa jirani na makaburi wanapenda kusikiliza. Nakuahidi hatakonda. Na mimi sitakonda. Nenda salama, mama yangu wa sindano.

Jioni inaingia. Nimepika dagaa kwa mawese, na Elia ananawa mikono huko nje, anaimba vibaya. Neno lenyewe sijamwambia, anajua tu kwamba mbwa alianza kula. Leo nitaweka sahani mbele yake nimwambie kama ulivyoniambia. Akiinuka kwenda kufungua mlango, nitamwacha afungue.

Mwanao wa dukani.