Mshale Uliokaa Kwenye Sifuri

Tata,

Nimekasirika na wewe, baba yangu. Nimengoja matanga yaishe ndipo niseme, maana mbele ya watu sauti yangu haitoki, unajua. Kwenye karatasi inatoka.

Ile gari nyekundu ya mbio, yenye turbo, uliyoiacha garajini siku pikipiki ilipokuua kwenye barabara ya Kasaji, mwenyewe alikuja kuidai. Manometa ya turbo, saa ya kupimia nguvu yake, aliyoinunua ilikuwa ingali katika katoni yake. Tata-mudogo, ndugu yako, akasema mbele ya familia yote: "Trezo aifunge. Akiifunga muzuri, sanduku ya byombo bya kazi ni yake." Trezo umemfundisha kazi miaka mitatu. Mimi nimekushikia taa tangu nikiwa darasa la tano. Hakuna aliyenitazama. Mama aliinamisha kichwa.

Trezo aliifunga kama ulivyomfundisha. Alikata mpira mwembamba ulio rahisi kufikia, ule unaoendesha kifaa cha kupunguza nguvu ya turbo, akaunga pale mpira wa manometa na kuupitisha hadi mbele ya dereva. Akawasha. Moteri ikanguruma polepole, mshale ukakaa kwenye sifuri. Wakapiga makofi.

Mimi sikupiga; niliutazama mshale. Unakumbuka ile Jumamosi? Nilikusomea karatasi ya Kifaransa, mistari minne tu, iliyokuwa katika katoni. Ilisema moteri ikinguruma polepole inavuta hewa, hivyo mshale lazima ushuke chini ya sifuri. Usiposhuka, umeunga mahali pabaya. Tena ule mpira mwembamba usiguswe: ukivuja, turbo inasukuma bila kipimo mpaka moteri ivunjike. Ulicheka hadi ukakohoa. "Mutoto wa masomo! Karatasi haifunguaka bulo, ni ufunguo inafunguaka. Shika taa." Ukawaita na wateja waje wasikie. Nikashika taa.

Ulijinyima kila kitu ili nipate diploma. Halafu masomo yalipofungua mdomo mbele yako mara moja tu, ukayacheka. Mistari minne, Tata. Mistari minne ilikushinda nini?

Nilichukua ufunguo namba kumi nikainama kwenye moteri. Tata-mudogo akafoka: "Weye, toka pale! Banaume banatumika kazi!" Trezo akaongeza: "Muache, anatafuta kijiko." Wakacheka kicheko chako, kilekile. Niliwachukia wote, na wewe ukiwa wa kwanza.

Nikabadilisha mpira uliokatwa, nikatia mzima. Nikaunga manometa kwenye mpira mwingine, ule unaotoka pale hewa inapoingia ndani ya moteri. Tundu la ukuta wa chuma, mpira unapopita kwenda kwa dereva, lilikuwa na makali, nikalivalisha kipande cha mpira nilichokata kwenye kiatu changu. Nikawasha.

Mshale ukashuka chini ya sifuri.

Mwenye gari alipanda akaizungusha mpaka barabara kubwa na kurudi. Akauliza: "Nani amefunga hii?" Trezo akatazama viatu vyake. "Ni mutoto wa mukubwa."

Tata-mudogo anasema binti harithi nyundo, familia itakaa kikao tena. Ikae. Sanduku nimelichukua, liko chini ya kitanda changu na ninalala juu yake. Jana Trezo alikuja kuomba ile karatasi. Nilimwambia ashike taa kwanza.

Nakuahidi jambo moja, na usidhani ni msamaha. Gari ulizofunga hivyo nazikumbuka: mbili ziko Kasulo, moja Mutoshi, na ile nyeupe ya mwalimu. Nitazitafuta zote nihamishe mpira wa manometa kabla moteri haijavunjika. Hata sauti isipotoka, nitabisha hodi. Wakiniuliza kosa lilikuwa la nani, nitasema mpira umezeeka.

Lala, Tata. Nitakuja kaburini nikimaliza ya mwisho. Huko tutagombana vizuri.

Binti yako