Mkate Ndani ya Kapu la Nguo

Baba Watoto na wanangu,

Mayai ya kuchemsha yako kwenye sufuria ndogo. Parachichi msiliguse, ni langu la jioni. Mchana nitakula kwa yule mama wa samaki nyuma ya posta. Nimezunguka mji huu wiki mbili, na ni yeye pekee aliyekubali kuniwekea mboga mahali pa chipsi bila kuniuliza kama nimefilisika.

Sasa tuongee. Asubuhi nilikuwa nakusanya nguo za kufua. Chini kabisa ya kapu, ndani ya foronya, nikakuta mkate wa maziwa, umeliwa nusu! Tangu daktari anikataze wanga mnaapa hapa hapa mezani kwamba tuko pamoja. Kumbe mkate wenu unalala na soksi. Nilinuna mpaka chai ikapoa.

~~Kuanzia kesho kila mtu ajipikie.~~

Nimefuta. Kitinda mimba amenieleza kwamba mliuficha nisije nikautamani, na kwamba huwa mnaula bafuni, mmesimama, kwa zamu, Baba akiwa wa kwanza. Jamani! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Mkate urudi kabatini, mle mezani kama watu. Mimi nina sukari, sina kijicho.

Nguo nimeloweka. Wa kwanza bafuni ndiye atakayezisuuza.

Mama yenu

Mkikuta vipande viwili vimepungua, msishikane uchawi. Nami nilisimama bafuni.