Kimea Nimewapa Kuku

Mjukuu wangu Melchor,

Anayeandika ni Blas, mpiga kengele wa kanisa. Mimi kazi yangu ni kusema, na nimemkataza kulainisha neno hata moja.

Yule lama mweupe wa kubeba mizigo amezaa. Viazi vimeunguzwa na baridi. Dada yako ana mimba, na shemeji yako Pascual ndiye anayelima mashamba yetu yote mawili.

Umeniagiza nipike pombe ya mahindi, niite wanaume kama tunavyoitana kulima, kisha uje na askari uchague kumi wa kupeleka mgodini Potosí. Sikiliza, Melchor. Anayekunywa pombe yangu hunilimia leo, nami humlimia kesho. Ndivyo babu yako alivyojengewa paa hili. Leo Wahispania wamekuvika kofia ya unyapara, unataka jirani anywe kwangu akafie shimoni?

Pascual alikiona kimea cha pombe hiyo nimekianika juani, akacheka: "Bibi, unaolewa nini? Tuite basi, tuje na majembe!" Nilishindwa kumtazama usoni.

Nimekimwaga kwa kuku. Wanaume nimewaambia sababu, na wote, Pascual naye, wamekwisha kupanda milimani.

Najua nyapara asiyeleta watu huchapwa viboko. Basi itupe hiyo kofia, mjinga wewe, uwafuate huko juu. Jembe la babu yako nimempa Pascual akutunzie. Siku utakayolishika, nitapika pombe mpaka mtungi ufurike.

Ni mimi bibi yako Isabel, niliyekubeba kwa mgongo huu huu.